Kaka Shija, hela ya Kabula irudi chuoni

Leeds, Septemba 2025

Shikamoo kaka, mwadila.

Habari za hapo Igoma, wifi hajambo, Masanja na wale mapacha wanaendeleaje na shule? Mi huku mzima kabisa, baridi imeanza kuingia ila nimeshaizoea, kazi inaenda vizuri na nyumba niliyohamia ina kabustani nyuma, kiangazi hiki nimeotesha matembele yakakubali, nimeyala mara nne, sio kama ya mama lakini ni matembele.

Jana nilikukatia simu tukibishana kama mdogo wetu Kabula asomee unesi, we unasema mwisho wa manesi umefika. Kumkatia simu kaka mkubwa sio malezi ya nyumba yetu na naomba unisamehe, hilo nimekosa. Ila yale niliyoyasema kabla ya kukata siyafuti, ndo maana leo siku yangu ya ofu nimekaa nayaandika moja moja ili usije ukasema Nyanzala aliongea kwa hasira. Hapa mwanzoni unaweza kumsomea mama. Ile sehemu ya wakala soma mwenyewe kwanza, presha yake tunaijua.

Nianze na ya kumfurahisha. Mwambie mama nimepanda daraja. Huku manesi tunaanza Bendi ya 5, na wengi niliokuja nao kipindi kimoja, 2021, bado wapo hapo hapo, mi tangu mwezi wa tano nipo Bendi ya 6. Mwaka jana niliomba nafasi ya namna hiyo nikanyimwa, bosi wa wodi niliyokuwepo akasema wagonjwa hawataielewa lafudhi yangu kwenye simu. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso nikarudi kazini. Alafu nikaomba idara nyingine, na kazi niliyopewa huko ni ya simu kutwa nzima, na wagonjwa wananielewa vizuri tu, wengine wanaomba waongee na mimi kwa jina. Msomee hivyo hivyo nilivyoandika.

Kazi yenyewe ni wodi ya mtandaoni. Najua utauliza wodi gani haina kitanda. Iko hivi, mgonjwa ambaye zamani angelazwa wiki nzima kwa ajili ya mapafu au moyo, sasa hivi akishatulia kidogo anarudishwa kwake na kibegi, ndani kuna kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, mashine ya presha, kipima joto, na tableti iliyounganishwa na sisi. Anajipima mara tatu kwa siku, namba zinaingia kwenye skrini yangu zikiwa na rangi, kijani, njano, nyekundu. Shifti moja nakuwa na wagonjwa kama thelathini, nawapigia, tunaonana kwa video, na kuna wenzangu wako barabarani na magari wanawafuata majumbani kuwachoma sindano za antibayotiki, kuchukua damu, kusafisha vidonda. England walijiwekea lengo la kuwa na vitanda 10,000 vya namna hii kufikia Septemba 2023, na mpango wao wa miaka 10 walioutoa Julai mwaka huu unasukuma huko huko, matibabu yatoke hospitalini yaende mtaani, makaratasi yaende dijitali, na watu wakingwe kabla hawajaumwa. Kwahiyo niliposema unesi haufi nilikuwa nasema kitu ninachokifanya kila siku.

Sasa sikiliza kilichonipandisha, maana hiki sijawahi kukueleza vizuri.

Mwezi wa pili tulikuwa na mzee mmoja, asili yake Jamaika, miaka sabini na kitu, karudishwa kwake na kibegi baada ya nimonia. Asubuhi hiyo namba zake zilikuwa nzuri tu. Oksijeni 95, joto sawa, presha sawa, na mwenyewe alijaza kwamba anapumua mara 18 kwa dakika. Programu ikamweka kijani ikamsukuma chini kabisa kwenye orodha ya watu wa kupigiwa. Mi nina tabia yangu, napenda kusikia sauti ya kila mgonjwa kabla ya saa nne, awe kijani awe nani. Nikampigia. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za Tanzania, ila nikasikia anakata sentensi. Maneno matatu, anavuta pumzi. Maneno matatu, anavuta. Kaka hiyo pumzi naijua, nimeisikia kwa watoto wa seli mundu wakiletwa usiku wamebebwa mgongoni, mama anasema tu mtoto amechoka. Nikamwambia aweke video, nikahesabu kifua chake dakika nzima naangalia saa ya ukutani, nikapata 26. Sio 18. Nikamwomba binti yake awashe tochi ya simu, amvute mdomo wa chini nione kwa ndani, alafu atoe ulimi. Ulimi ulikuwa wa kijivu unaoelekea bluu. Binti akasema lakini nesi mbona kipimo kinasema 95, nikamwambia mwanangu achana na kipimo, naita ambulansi sasa hivi. Walivyomfikisha wakachukua damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ile ndo haina ubishi, oksijeni 86. Kumbe ana damu imeganda kwenye mapafu. Yuko hai hadi leo, anamwagilia maua yake.

Kwanini kile kidude kilidanganya? Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma damu imefyonza kiasi gani, na weusi wa ngozi nao unafyonza mwanga, na vipimo vingi walivirekebisha zaidi kwa watu weupe. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walilinganisha kipimo cha kidoleni na damu ya ateri wakakuta kwa wagonjwa weusi kinapitwa na upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wazungu. Huku nako jopo lililopewa kazi na serikali lilitoa ripoti Machi 2024 juu ya vifaa tiba visivyowatendea haki watu wa rangi, na kipimo hiki kimo. Na ile programu inayopanga rangi inakula namba hizo hizo za kidoleni, ukiilisha namba mbovu inakurudishia kijani.

Basi tangu siku hiyo nimepewa kazi ya kuwafundisha manesi wapya wote wa idara yetu jinsi ya kumsoma mgonjwa mwenye ngozi nyeusi. Mimi. Wanakaa na madaftari, wazungu, Wafilipino, Wahindi, na mimi mbele. Na ninachowafundisha sikukipata huku kaka, nilikipata Mwanza kwa yule sista mzee wa wodi ya watoto aliyekuwa anatugonga vidole na kalamu akitukuta tunasoma faili kabla hatujamwangalia mtoto. Angalia kiganja. Angalia ndani ya kope. Angalia ulimi. Hesabu pumzi mwenyewe. Alafu ndo usome karatasi. Siku ya kwanza nimemaliza kufundisha nilitoka nje nikakaa kwenye gari nikamkumbuka mpaka machozi yakanitoka, nikatamani angekuwa hai nimpigie.

Sasa tuje kwenye maneno yako, kwamba umeona video roboti inampasua mtu na kwamba mwisho wa manesi umefika. Roboti ipo, sikatai. Ila haijiendeshi, kuna daktari amekaa pembeni anaiendesha kwa mikono yake, na kitandani kuna manesi wa thieta wanaoibadilishia vifaa na kumlinda mgonjwa. Akili mnemba nayo ipo, na sio ya huku tu, WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2021 inapendekeza programu ya kompyuta isome picha ya kifua kutafuta TB kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na kwa sehemu zisizo na daktari wa picha hiyo ni msaada mkubwa kweli. Lakini anayemtafuta mgonjwa wa TB kisiwani, anayembembeleza ameze dawa miezi sita asiache, programu? Hapa kwetu wanajaribu nyingine, inasikiliza mazungumzo yangu na mgonjwa inaandika ripoti yenyewe. Inaniokolea muda, nakiri. Juzi iliandika mgonjwa anaendelea na dawa ya kuzuia damu kuganda wakati nilimsikia kwa masikio yangu akisema ameacha wiki mbili. Ningesaini bila kusoma, jina la chini ni langu na leseni itakayofutwa ni yangu. Kwahiyo mashine zinavyozidi kuja ndo anatakiwa nesi mwenye macho zaidi, anayejua lini aiamini na lini aikatalie. Huo ndo unesi unaokuja, na huo ndo nataka mdogo wetu ausomee.

Na hesabu ipo. WHO mwaka huu wametoa ripoti, dunia ilikuwa na manesi milioni 29.8 mwaka 2023, pungufu milioni 5.8, na hata ikifika 2030 wanakadiria pengo litakuwa bado milioni 4.1. Kazi inayokufa haina pengo la namna hiyo. Alafu kaka embu kumbuka bibi, miezi saba kalala kule Misungwi hawezi kujigeuza, hakupata kidonda hata kimoja mgongoni, nani alikuwa anamgeuza kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, anampaka mafuta, anamnyoosha vidole? Kabula. Alikuwa darasa la saba.

Kuanzia hapa usimsomee mama.

Mwezi wa saba nilituma milioni moja na laki nane. Laki tatu za mama, milioni moja na nusu ada ya Kabula, na nikakuandikia kabisa kwamba ya ada isiguswe. Jana ndo nasikia imekuwa kianzio kwa huyo wakala wa hapo mjini, na bado anataka milioni nne na nusu nyingine ili Kabula aje Uingereza kulea wazee. Na ulivyosema "we si uko huko, utamalizia", kaka, hapo ndo nilipokata simu.

Huyo mtu anawaibia. Siandiki jina lake wala la ofisi yake, mwenyewe unamjua. Kwanza, Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye shida kubwa ya wahudumu wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza mwajiri au wakala kwenda kuvua watu huko. Mtu akiomba kazi mwenyewe moja kwa moja anaruhusiwa, mi nilipita hivyo, ila kufungua meza mjini na kuandikisha mabinti, hapana. Pili, sheria ya huku haimruhusu wakala kumtoza mtu hela ya kumtafutia kazi, hata senti. Tatu, na hii ndo iliyoninyima usingizi, njia ya kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ya nchi ilifungwa tarehe 22 Julai mwaka huu. We umempa hela wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Mlango ulikuwa umeshafungwa wiki mbili nzima na yeye anapokea noti anawapa risiti!

Nimewaona mabinti waliokuja kwa njia hizo, familia zimeuza ng'ombe, wanafika wanakuta kazi waliyoahidiwa haipo. Mambo yao siandiki. Inatosha kusema mmoja alilala kwangu wiki sita.

Na mi mwenyewe unakumbuka nilivyokuja. Nilikuwa na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na miaka minne kazini, nikakaa mwaka mzima nasoma Kiingereza usiku kwa mwanga wa simu umeme ukikatika. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, mara ya kwanza sehemu ya kuandika nikapata 6 wakati wanataka 6.5, na sehemu nyingine zote 7, nikarudia. Mtihani wa unesi wa kompyuta pauni 83. Wa vitendo nikiwa huku pauni 794, vituo 10, unapewa mgonjwa wa kuigiza na saa inakuhesabia. Hakuna aliyenishika mkono na sikulipa wakala hata shilingi. Kabula akitaka kuja siku moja atakuja hivyo, na leseni yake na uzoefu wake, akiwa mtu anayehitajika. Na asipotaka kuja pia ni sawa kabisa.

Hili la mwisho naomba ulisome taratibu. Nikiangalia ile orodha ya nchi 55 huwa najua kwamba kwenye hao waliopungua Tanzania mmoja ni mimi. Wodi niliyoiacha ilibaki na wauguzi wawili tu usiku, na watoto wapo wale wale. Mi napata pauni, nawatumia, mama anapata dawa, Masanja anasoma, sijutii kuja, ila usiku mwingine naota niko ile korido na taa imezimika naitwa "sista, sista" na siwezi kufika. Sitaki kumtoa Kabula nyumbani kabla hajawa chochote ili aje kuniondolea mimi upweke.

Sasa daftari. Hii ndo sababu kubwa na nimeiweka mwisho kusudi.

Ile mashine ya presha niliyompa mtu awaletee mwezi wa nne, nilimfundisha Kabula kwa video dakika kumi tu. Mama akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuongea, miguu chini isikunjwe, mkono uwe wazi usiwe juu ya sweta, uwekwe mezani usawa wa moyo, apime mara mbili aandike zote mbili. Basi. Kila Jumapili ananitumia picha ya ukurasa. Ukitaka kuelewa kazi yangu ya huku ni hiyo hiyo kaka, nina wagonjwa thelathini Leeds na mmoja Igoma.

Mwezi wa sita wiki tatu mfululizo namba za mama zilikuwa zinapanda. 148, 155, 162. Ile programu yangu ingeweka njano na kusema dawa haitoshi, aonwe aongezewe, na mi mwenyewe nilishaanza kufikiria hivyo. Kabula pembeni ya namba aliandika kwa kalamu nyekundu, "dada vidonge vimebaki vingi kuliko siku." Alivihesabu! Hakuna mtu aliyemwambia ahesabu. Alafu akakaa na mama jikoni wanachambua dagaa, akamuuliza taratibu bila kumfokea, mama akasema anavunja kidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi kwa sababu hela ya dawa amempa Masanja ya viatu vya shule. Sikulaumu kwa hilo, mama ndo alivyo, hata sisi alitulea hivyo. Lakini angalia alichofanya mtoto wa miaka kumi na nane. Angeongezewa dawa akaimeza yote kwa siku moja, angeweza kuanguka akiwa peke yake. Sasa hivi anameza kizima, wiki iliyopita alikuwa 134. Kuna manesi wa miaka kumi kazini wangepita hapo bila kuona, na we unataka hizo akili ziende kusubiri viza ambayo haipo.

Umesema mtoto wa mama Neema ana diploma na mwaka wa tatu anauza vocha. Hapo umesema kweli na sitaki kukudanganya. Nchi inapungukiwa manesi na manesi wapo mtaani wakati huo huo, kwa sababu nafasi zinatoka kwa bajeti sio kwa idadi ya wagonjwa, na hilo linauma. Ila angalia wagonjwa wa huko wanaelekea wapi. Sisi tukiwa wadogo ilikuwa malaria, kuharisha, kichocho cha ziwani. Sasa hivi hesabu mtaani kwetu tu wenye kisukari, wenye presha, wanaosafishwa figo. Zamani mtu wa saratani alikuwa anapandishwa basi mpaka hospitali ya Ocean Road Dar, leo mionzi inatolewa hospitali ya Bugando hapo hapo mlimani. Watoto wa seli mundu Kanda ya Ziwa ndo kwao, zamani walikuwa wanakufa hawajatambuliwa, sasa wanaishi na wanahitaji mtu wa kuwafuatilia miaka na miaka. Watoto njiti hivyo hivyo. Na ule mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure gari linamfuata mjamzito, ulijaribiwa huko kwetu Sengerema na Shinyanga kabla haujaenda nchi nzima, binti wa mama mdogo alifuatwa saa nane usiku na leo ana mtoto anatambaa. Sheria ya bima ya afya kwa wote imepita 2023, ikishika vizuri watu waliokuwa wanajitibu na mitishamba kwa kukosa hela watakuja hospitali, na faili zao zitakuwa kwenye kompyuta.

Kwahiyo simwambii Kabula asome unesi wa jumla alafu akae kusubiri tangazo la ajira. Asome diploma miaka mitatu, Biology na Chemistry ana C, Physics D, anaingia bila shida. Mwaka wa kwanza ajue kompyuta kama anavyojua kupika ugali, laptop nitamletea mwenyewe. Akifika field aombe akae kwenye figo, au saratani, au watoto njiti, ajulikane kwa kitu kimoja. Hata akianza kwa kujitolea au mkataba, anayejua mashine ya figo hauzi vocha miaka mitatu. Na Kiingereza asikiache, kila Jumapili tutaongea nusu saa Kiingereza tupu mi na yeye.

Ninachoomba ni hiki. Leo asubuhi nimetuma laki saba na nusu moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, sio kwako, usikasirike, ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Nusu iliyobaki ni yako kuirudisha. Nenda kwa huyo wakala na risiti, mchukue mwenyekiti wa mtaa muende naye, na akianza kuzungusha maneno nendeni polisi. Asiporudisha, basi ile bodaboda ya pili iuzwe, na hili naomba usilijadili na wifi mpaka ukaligeuza ugomvi wa mawifi, mimi na yeye hatuna neno. Pasipoti ya Kabula iko kwa nani? Kama ameiacha kwa huyo mtu irudi kabla ya hela.

Nimechoka kaka, nimeandika tangu saa tatu. Hapa nje kuna mvua ndogo ile isiyoisha na mi nawaza saa hizi jua linashuka nyuma ya mawe, upepo wa ziwa umeanza, watu wa Kirumba wanaanua dagaa. Hujui ninavyoitaka ile harufu ya Mwaloni ambayo nikiwa mdogo nilikuwa naziba pua. Daraja la Busisi mmeshapita wote mara ngapi, mi nimeliona kwa simu tu, nilivyoondoka tulikuwa bado tunapanga foleni ya kivuko. Na baba mdogo kazikwa Nansio mi niko shifti, nimeangalia mazishi kwa video mtandao ukakata wanaposhusha jeneza. Disemba ya mwakani nakuja, tiketi nimeanza kuweka hela, tutaenda Ukerewe wote nikaweke jiwe.

Jumapili nitapiga saa mbili usiku ya huko. Uwepo. Kabula awe na daftari na vidonge vya mama mezani, avihesabu nikiwa naona. Namsalimia Masanja, mwambie viatu asivibonyeze kisigino.

Wabeja sana kaka.

Mdogo wako,
Nyanzala

Kuna dada wa Nyegezi anarudi huku mwezi wa kumi na moja, mpeni michembe na dagaa, dagaa wakaangwe kabisa na wafungwe mara tatu, mwaka jana walivuja kwenye begi la watu.